Bahari Iliyokuwa Ikija Mkunya

Salma amenitumia video nyingine. Meli kubwa yenye kutu inaelea kwenye ukungu bila mtu hata mmoja, na chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba nahodha alionekana mara ya mwisho akizungumza na kivuli chake. "Dada, umeiona hii?" anauliza Salma. Nimeiona. Nimeiona hiyo, na ile ya mwezi uliopita yenye taa za kijani, na ile iliyokutwa na chai ya moto mezani, na ile ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni kipande cha filamu. Kila moja nimemweleza. Meli chakavu hukokotwa kwenda kukatwa vyuma, kamba inakatika, meli inazurura baharini kwa miezi, na anayekutana nayo anashtuka. Basi. Salma hunijibu kwa alama ya kidole gumba, kisha baada ya siku chache anatuma nyingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi. Kueleza ndiyo kazi yangu, na sioni haya kusema kwamba naipenda. Mtoto asipoelewa sehemu katika hesabu, nakata chungwa. Asipoelewa chungwa, nakata chapati. Sijawahi kumwambia mtoto kwamba hawezi. Lakini Salma, binti wa mjomba wangu, mwanamke mzima mwenye watoto wake, amenifikisha mahali ambapo simu ikilia naiangalia kwa jicho la pembeni kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyekwisha kumlia kanga.

Leo asubuhi ujumbe wake uliingia wakati mmoja na harufu ya salfa. Jirani yangu anapulizia mikorosho yake. Kwa asiyejua, salfa ni unga wa njano unaopuliziwa kwenye maua ya mkorosho ili yasishikwe na ukungu wa ugonjwa, na hupuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili unga ugande. Harufu yake inakaba koo kidogo, kama njiti ya kiberiti iliyowashwa ikazimwa. Kwa watu wengi wa huku ni harufu ya korosho zijazo, sare mpya za shule na mabati. Kwangu mimi ni harufu ya bahari, na hilo nalo itabidi nilieleze.

Nilikuwa darasa la kwanza, naishi kwa Bibi kule Mkunya kwa sababu mama yangu alikuwa akifanya kazi mbali. Nyumbani tulikuwa wanne: Bibi, mimi, mke wa mjomba ambaye kila mtu alimwita Mama Salma, na Salma mwenyewe, aliyekuwa mtoto wa mgongoni. Mjomba Issa, mtoto wa kwanza wa Bibi na wa kiume pekee, alikuwa Mtwara. Korosho za mwaka ule zilikuwa zimekataa, akaenda kutafuta kazi, akaipata kwenye chombo cha mbao chenye injini kilichokuwa kikipeleka saruji na unga visiwani. Alituma salamu kwamba yeye ndiye mpishi. Bibi alicheka siku nzima. Nyumbani Mjomba Issa hakuwahi hata kuchochea moto.

Kisha akaja mwanamume mmoja mpakiaji mizigo, aliyekuwa amepanga chumba kimoja na Mjomba. Mimi ndiye niliyetumwa kumletea maji ya kunywa, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Alisema chombo kimekutwa kinaelea peke yake baada ya siku kadhaa za upepo mkali. Injini imezimwa. Mizigo ipo. Nguo zimeanikwa kwenye kamba. Ugali umo sufuriani, umepoa, umekauka juu. Watu hawamo.

"Na ule mtumbwi mdogo wa kushukia pwani?" Mama Salma aliuliza.

"Haupo, shemeji. Mtumbwi haupo."

Naomba msomaji aushikilie huo mtumbwi, maana pale nyumbani hakuna aliyeushika. Watu walishika ugali. Mchana ule ulikuwa umepoa. Kufika jioni, kwa majirani, ulikuwa wa uvuguvugu. Kufika Ijumaa ulikuwa unatoa moshi, na mwiko umesimama katikati.

Alasiri ya siku ileile alifika Mzee Chikoya. Alikuwa mtani wa ukoo wetu, na pia alikuwa mtu aliyewahi kukaa Mtwara msimu mzima akiuza makopa ya muhogo sokoni. Siku hiyo watu walilikumbuka hilo la pili tu. Wanawake walikuwa wamekaa uani kimya, wakingoja Bibi aanze kulia ili nao waanze. Mzee Chikoya hakukaa.

"Nasikia mnasema Issa amekufa," alisema. "Nani kawaambia? Issa kapata kazi ya kudumu. Kachukuliwa na majini kwenye chombo chao. Kule hakuna likizo. Anapika ugali, wenyewe hawali, anapika mwingine. Mvivu yule leo kapatikana."

Mtu mmoja alikohoa. Bibi aliinua uso.

"Vyombo hivyo vipo?"

Mzee Chikoya alibaki kinywa wazi. "Vipo vipi, Mama Issa?"

"Wewe umekaa pwani. Nakuuliza. Vipo?"

"Watu wa pwani husema vipo," alijibu polepole.

"Na waliomo hawafi."

"Hawafi, Mama Issa. Watakufaje, na wana kazi?"

Bibi alishusha pumzi ndefu, akafunga kanga yake vizuri, akasema wageni wapikiwe ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu.

Ninapolikumbuka tukio hili natamani kuingia katikati ya ule ua na chaki mkononi. Lakini lazima nimtendee haki Bibi. Bahari hakuijua. Misukule aliijua. Huku kwetu kila mtu amekua akisikia habari za mtu aliyeonekana amekufa, kumbe amefichwa, analima shamba la mtu mwingine, hasemi, hachoki. Mzee Chikoya alipomletea chombo kisicho na watu, Bibi alikichukua akakiweka mahali alipokuwa na nafasi. Mwanawe alikuwa msukule wa majini. Hilo alilielewa. Na msukule anaweza kurudi.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa ya ajabu. Hitima haikusomwa. "Nitamsomea vipi hitima mtu aliye kazini?" Bibi alimuuliza shehe, na shehe, mtu mpole, akasema atarudi siku nyingine. Kila jioni sahani ya Mjomba ilipakuliwa, ikafunikwa, ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Asubuhi kuku walikula. Na hakuna aliyeruhusiwa kulia, kwa sababu kulia kungekuwa sawa na kumfukia mtu aliye hai.

Mzee Chikoya naye alikuwa akija karibu kila siku, kwa kuwa Bibi alimwita. Bibi alikuwa na maswali. Chombo kile kina tanga? Kina tanga, linajaa upepo usiokuwepo. Kinatia nanga? Hakitii, kinasimama tu. Mtu akikiona afanye nini? Asiite jina la mtu, isipokuwa mama mzazi, huyo anaweza kuita. Kila Bibi alipouliza alipata jibu, na kila jibu lilizaa swali la kesho. Hata mimi nilimuuliza moja. Nilimuuliza bahari iko wapi.

"Bahari haikai mahali pamoja, mjukuu wangu," aliniambia, na safari hii alikuwa akisema kweli kabisa. "Inakuja, inajaa, halafu inaondoka zake. Asubuhi unaikuta hapa miguuni. Baadaye unatafuta maji huyaoni, wanawake wanatembea palepale yalipokuwa."

Alikuwa akinieleza maji kujaa na kupwa. Mimi nilielewa kitu kingine, nikakihifadhi.

Aliyebanwa zaidi na mambo haya alikuwa Mama Salma. Kaka yake alikuja kutoka Lukuledi, akaegesha baiskeli kwenye mkorosho, akamsalimu Bibi kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu ming'oko."

"Nimeshiba, Mama. Nimekuja na swali moja tu. Dada yangu ni mke au mjane?"

"Ni mke."

"Mume wake yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hii isiyo na kurudi?"

"Muulize mwenye chombo."

Yule kaka alimtazama dada yake. Mama Salma alikuwa akimenya ming'oko na hakuinua kichwa. Akiwa mke, hakuweza kuondoka bila kuitwa mtoro. Kwa kuwa hakuwa mjane, hakuweza kukaa eda, na asipokaa eda haimaliziki, na isipomalizika hakuna linaloanza. Kaka alichukua baiskeli yake akaondoka. Lukuledi ni mbali kwenda na kurudi kwa neno moja.

Mkunya ya wakati ule haikuwa na maji. Mvua ikiisha na visima vya saruji vikikauka, wanawake walikwenda kwenye ukingo wa uwanda wetu, pale ardhi inapokatika ghafla kuteremka bondeni, wakashuka hadi kwenye chemchemi na kupanda tena na ndoo vichwani. Mama Salma alikuwa akinichukua ili nimshikie Salma akichota. Maji yalipozidi kupungua, tukaanza kuondoka alfajiri. Asubuhi ya kwanza, tukiwa bado njiani, nilimuuliza kwa nini amenyamaza.

"Nataka nilie," alisema. "Hilo tu. Nikimaliza kulia nitajua la kufanya."

"Basi si ulie tu."

"Nikilia nitakuwa nimemuua, mwanangu. Bibi yako atasema mimi ndiye niliyemuua."

Lakini tulipofika ukingoni nilipata kitu bora kuliko jibu.

Bonde halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe kimejaa hadi chini ya miguu yetu, kinakwenda mbali hadi kinapoungana na mbingu, kinapanda na kushuka polepole, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwake kwa sauti ambayo Mzee Chikoya alikuwa ameiigiza mara nyingi. Nilikuwa nimepita pale mara kadhaa, lakini siku zote jua likiwa limepanda, nikaona miti na mashamba. Sasa nikaelewa. Asubuhi unaikuta hapa miguuni. Baadaye huyaoni maji, wanawake wanatembea palepale yalipokuwa. Bahari ilikuwa ikija Mkunya kila alfajiri na kuondoka kabla ya watu kunywa chai, na watu wazima hawakuona kama ni jambo la kumwambia mtoto.

Na baharini kulikuwa na chombo.

Kilikuwa mbali, cheusi, upande mmoja umeinuka. Hakikuenda. Hakikuwa na mtu. Kimesimama bila nanga, kama ilivyosemwa. Nikasikia injini, ndani ya ule weupe, inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Kisha ikaja harufu inayokaba koo, nikajua ni moshi wake.

Hebu niseme sasa, maana mimi si Mzee Chikoya wa kuwaweka watu kwenye ukungu. Bahari ilikuwa ni ukungu wa msimu wa baridi. Injini ilikuwa ni pampu ya mtu aliyekuwa akipulizia mikorosho huko chini mtelemkoni. Harufu ilikuwa salfa. Na chombo kilikuwa mojawapo ya yale majabali makubwa ya upande wa Masasi, kilele chake kikiwa juu ya ukungu. Lakini mimi nilikuwa na miaka michache, na kila nilichoambiwa kuhusu bahari kilikuwa mbele yangu kimetimia.

Sikumwambia mtu siku hiyo. Kesho yake kilikuwa palepale, na keshokutwa yake pia. Nilianza kumhurumia Mjomba kwa kupika muda wote huo bila kusogea. Mwishowe nilimvuta Mama Salma kanga.

"Mama Salma, kwa nini Bibi asije amwite? Si anaonekana kutoka huku?"

"Amwite nani?"

"Mjomba. Kile pale chombo chake."

Aliangalia kidole changu kinakoelekea. Aliangalia kwa muda. Kisha akatua ndoo chini, akakaa juu ya ndoo ileile, akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu yule mpakiaji mizigo alipoondoka. Alicheka hadi Salma mgongoni akaanza kurukaruka.

"Lile ni jabali," alisema alipopata pumzi. "Napita chini yake kila nikienda kwetu Lukuledi. Mbuzi wanalala juu yake."

"Ni chombo," nilimwambia. Nilikuwa mtoto mwenye msimamo.

Alinitazama, akalitazama tena lile jabali, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. "Sawa," alisema. "Twende tukakione chombo chako."

Macho ya Bibi yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwa muda mrefu alikuwa akiahirisha kwenda Mkomaindo, hospitalini, akisema anataka awepo nyumbani mwanawe akirudi. Mama Salma alimwambia hivi: Issa akirudi, Mama, utamwonaje? Bibi alifikiri kutwa. Juma lililofuata tulikuwa Masasi.

Hospitalini walimwangalia macho, wakampa tarehe ya kurudi kupasuliwa. Tulikuwa na muda kabla ya gari la kurudi. Mama Salma alitangulia tu, akapita nyuma ya nyumba za mwisho, na mimi nikasimama njiani. Chombo kilikuwa mbele yetu. Umbo lile lile, upande mmoja umeinuka, ila sasa kilikuwa kikubwa kuliko misikiti yote ya dunia, na chini yake hapakuwa na bahari. Niliwaza kwamba maji yameondoka yakakiacha.

"Bibi," nilisema, "chombo cha Mjomba hiki hapa."

Bibi alikaza macho yake yenye utando. "Kipi?"

"Hiki. Nilikuwa nakiona kutoka Mkunya. Kila asubuhi. Bahari ikija."

"Uliona chombo, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita siku zote, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Kweli Bibi. Kinanguruma na moshi unatoka."

"Sasa unaona nini? Niambie, mimi sioni vizuri."

Nilitazama, na kwa mara ya kwanza nilijaribu kusema kile tu kilichokuwepo. "Naona mbuzi. Naona mama anaanika makopa juu ya jiwe. Naona nguo zimeanikwa."

"Kuna mtu anapika?"

"Hakuna, Bibi."

Bibi alitembea, mkono mbele, hadi kiganja chake kikagusa. Alipapasa. Mbuzi mmoja alimtazama kutoka juu. Yule mama wa makopa alimsalimia, Bibi akaitikia bila kugeuka.

"Jabali," alisema.

"Ndiyo, Mama," Mama Salma alijibu.

"Na mtoto aliona chombo. Na moshi akaunusa." Kiganja chake kilikuwa bado kwenye jiwe lenye joto. "Yule mtu alisema mtumbwi haupo."

"Alisema."

"Waliogopa chombo kinazama, wakaingia mtumbwini."

"Nadhani hivyo, Mama."

"Issa hajui kuogelea." Alilisema kama mtu anayekumbuka ameacha chungu motoni. "Angejifunzia wapi? Maji yote aliyopata kuyaona yalikuwa kwenye ndoo."

"Najua, Mama."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamwekea chakula."

Bibi aliteleza taratibu hadi akakaa chini, mgongo kwenye jabali, akavuta upande wa kanga akafunika uso. Sauti iliyotoka humo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu mzima. Mama Salma alingoja kidogo, kama anayeomba ruhusa mara ya mwisho, kisha akakaa kando yake, naye akalia. Alilia kwa nguvu, mdomo wazi, hadharani, mchana kweupe. Salma alikuwa amelala mgongoni. Mimi nilidhani wanalia kwa sababu chombo kimegeuka jiwe, nikawaambia labda kesho bahari ikija kitaelea tena. Bibi alinivuta akanikumbatia.

Tuliporudi Mkunya alimwita Mzee Chikoya. Akamkaribisha kigoda, akasimama mbele yake.

"Chikoya, yale ya majini uliyatoa wapi?"

Mzee Chikoya alivua kofia. "Mama Issa, mimi ni nani kwenu?"

"Mtani wetu."

"Mtani akija msibani anakuja kufanya nini?"

Hapo Bibi alikaa chini. Kwa wasiokuwa wa kwetu: mtani ndiye mtu mwenye haki ya kufanya mzaha kwenye msiba. Atamwigiza marehemu, ataiba chakula, atasema marehemu alikuwa mvivu, na waliofiwa watacheka huku wanalia, na ndivyo wanavyovuka. Siyo utovu wa adabu. Ni kazi, na asiyeifanya analaumiwa.

"Nilikuja kuchekesha msiba," alisema Mzee Chikoya. "Nilisema kaajiriwa na majini. Nikangoja mcheke. Wewe ukaniuliza kama vipo."

"Kwa nini hukusema ni utani?"

"Ningesemaje? Utani hausemwi kwamba ni utani kabla watu hawajacheka. Unakuwa haujaisha. Nikasema kesho nitaongeza kidogo, atacheka. Nikaongeza. Ukauliza tanga. Mimi hata chombo sijawahi kupanda, Mama Issa. Nimechoka. Nilifika mahali nikiona paa la nyumba yako nageuza njia, halafu unanituma mtoto."

Nilitazama uso wa Bibi nikidhani atampiga. Hakumpiga. Alisema, "Hitima ni Alhamisi. Njoo ufanye kazi yako sawasawa."

Alhamisi ilikuja, shehe akaja, kaka wa Lukuledi akaja na baiskeli yake, safari hii akakubali ming'oko. Hitima ilisomwa. Mama Salma alikuwa ndani amevaa nyeupe, ameanza eda yake, mlango umeachwa wazi ili asikie. Watu walipokwisha kula, Mzee Chikoya aliingia uani akiburuta beseni letu kubwa la kufulia. Akaingia ndani yake, magoti yakamfika masikioni, akachukua mwiko akaanza kupiga kasia kwenye vumbi.

"Nipisheni," alisema kwa sauti ya Mjomba Issa, ile ile ya puani. "Nipisheni, chombo kinapita. Mpishi nimerudi. Huko majini wamenifukuza, ugali wangu umewashinda hata wao. Sahani yangu iko wapi? Mama, naambiwa kuku wamekula mshahara wangu."

Bibi aliinuka. Akaenda kwenye kinu, akachukua sahani, akaifunua, akampa kwa mikono miwili. Mzee Chikoya aliila yote, akiwa ndani ya beseni, akilalamika kwamba kisamvu hakina chumvi na kwamba baharini chumvi ni bure. Kicheko kilianza kwa Bibi. Kisha kikatoka chumbani, kwa Mama Salma, kikaja uani, na ua mzima ukacheka hadi watu wakashikana mabega, na katikati ya kicheko wanawake wakaanza kulia vizuri, kama ilivyotakiwa kuwa tangu siku ya kwanza. Hakukuwekwa sahani tena.

Eda ilipokwisha, Mama Salma alichukuliwa na kaka yake kwenda Lukuledi. Aliolewa tena baadaye na mwanamume mpole mwenye mikorosho, na mpaka leo akipita Masasi hunigongea mlango, tukalitazama jabali kidogo, tukacheka.

Haya yote Salma ameelezwa. Mama yake amemweleza, mimi nimemweleza kwa maandishi, kwa sauti, hata kwa mchoro wenye mishale: upepo, mtumbwi, mawimbi. Nimemweleza kwamba karibu kila chombo kinachokutwa kitupu kina kisa hichohicho, cha watu walioogopa kwamba kitazama, wakashuka, na chombo kikabaki. Maelezo yangu ni mazuri. Hayana kosa. Na yeye hutuma video.

Asubuhi hii, nikiwa nimeshika simu na salfa imejaa chumba, ndipo nilipokumbuka alikuwa wapi siku ile ya beseni. Alikuwa amelala. Alilala kwenye jabali na alilala kwenye hitima. Ukoo wetu wote ulicheka, isipokuwa yeye, na kwake utani wa Mzee Chikoya haujaisha mpaka leo.

Kwa hiyo sikumwandikia maelezo. Nilimpigia.

"Dada, umeiona?" alisema.

"Nipishe," nilimwambia kwa sauti ya puani. "Chombo kinapita. Mpishi nimerudi." Nilimfanyia yote, beseni, magoti masikioni, mwiko kwenye vumbi, kuku na mshahara, kisamvu kisicho na chumvi.

"Dada," alisema mwishowe. "Kweli hakujua kuogelea? Hata kidogo?"

"Salma, baba yako alizaliwa Mkunya. Angeogelea kwenye ndoo?"

Alicheka. Kilianza kidogo, kikapanda, kikawa kile kicheko cha mama yake juu ya ndoo pale ukingoni. Kisha kikakatika katikati, na akaanza kulia. Niliweka simu sikioni nikakaa kitandani. Kengele ya shule ilikuwa ikikaribia kulia. Sikumweleza kitu.